Berlin kwa Boti: Siku Niliyomzungusha Shangazi Majini

Wageni wangu wengi wakija Berlin huwa wameshaipanga ziara yao kabla ndege haijatua: Lango la Brandenburg, kipande cha Ukuta, picha mbele ya Bunge, kisha maduka. Siwakatazi. Lakini anayeniuliza aanzie wapi, jibu langu halibadiliki: panda boti kwanza. Wala simaanishi ile ya saa moja inayokwenda na kurudi katikati ya mji. Panda ile ndefu, ya saa tatu na ushee, inayotoka Mto Spree ikaingia Mfereji wa Landwehr, ikapenya mitaa ya kusini, ikauzunguka mji mpaka kuurudia mto kwa upande wa magharibi. Wenyeji huiita safari ya madaraja, kwa kuwa boti hupita chini ya madaraja yapatayo 60.

Berlin ni mtoto wa mto huu. Hapo mwanzo palikuwa na vijiji viwili vya wafanyabiashara vilivyotazamana: Cölln kisiwani, Berlin ng'ambo yake. Maandishi ya kale yanaitaja Cölln mwaka 1237 na Berlin mwaka 1244. Baadaye watawala wa ukoo wa Hohenzollern wakajenga kasri lao pale pale kisiwani. Kanisa kuu likafuata, yakafuata makumbusho, likaja Bunge, ikaja ikulu, na mji ulipokatwa vipande viwili hata mpaka ukafuata maji sehemu nyingi. Aliyekaa ndani ya boti hupitishwa mbele ya vyote hivyo taratibu, bila kusukumana na mtu.

Kwa mtu wa kwetu ipo sababu nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kingo za mto huu zimebeba mambo yetu mengi sana, ila maelezo yanayotoka kwenye kipaza sauti cha boti hayayagusi. Utaambiwa kuba la kanisa lilikamilika lini na nani alichora jengo la Bunge. Hutaambiwa habari za Lindi, za Songea wala za Bagamoyo. Kwa hiyo inafaa uingie botini ukiwa nazo kichwani.

Mara hii nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Lindi wakati wa kiangazi. Ni mwalimu wa historia aliyestaafu, na magoti yake hayamruhusu tena kukata mitaa. Aliufundisha Mkutano wa Berlin miaka nenda rudi, akiandika ubaoni tarehe zake, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, na mpaka leo anazitaja kama mtu anavyotaja siku za kuzaliwa za wanawe. Nilipomwambia kwamba kesho yake tutauzunguka mji wenyewe kwa boti, alinijibu, "Vizuri mwanangu. Nataka niwaone walipokaa."

Tulipanda asubuhi kwenye gati lililo karibu na daraja la Jannowitz. Kama hali ya hewa ni njema na unaweza ngazi, kaa sitaha ya juu. Shangazi alipanda polepole, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine begani kwangu, akajifunga kitenge juu ya koti langu la upepo akatulia. Madaraja ya Berlin ni ya chini. Kabla ya kufika kwenye kila moja hutangazwa kwamba asisimame mtu, na tangazo hilo si la kupuuzwa: chuma kinapita juu ya utosi karibu kiasi cha kuhesabu vichwa vya misumari yake mikubwa, kimoja kimoja, vilivyopakwa rangi juu ya rangi mpaka vikavimba. Unanusa kutu na unyevu. Treni ikipita juu yako wakati huo, mtetemo unashuka hadi kwenye kiti. Kisha ghafla jua tena, na mtu aliyeegemea ukingo wa daraja anakupungia mkono.

Kwa upande wa mashariki, kivutio kinachotajwa na kila mtu ni East Side Gallery, kipande cha Ukuta chenye urefu wa kilomita 1.3 kilichochorwa mwaka 1990 na wasanii 118 kutoka nchi 21. Picha zile maarufu zimeelekea barabarani. Kutoka botini unaona mgongo wake, ule upande uliotazama maji, na ukiuona mgongo ndipo unapoelewa kitu ambacho picha hazikuonyeshi: mpaka wenyewe ulikuwa mbele ya ukuta huo, ng'ambo ya mto. Katika sehemu hii Spree yote, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ilikuwa mali ya Ujerumani Mashariki. Ukingo wa kulia ulikuwa Berlin Magharibi, mtaa wa Kreuzberg, wenye familia nyingi za wafanyakazi waliotoka Uturuki na kwingineko. Watoto wao walicheza kandokando ya maji. Kati ya 1966 na 1975 watoto watano walitumbukia hapo wakazama, huku zimamoto na polisi wa Magharibi wakiwa ukingoni, hawana ruhusa ya kuingia kwenye maji ya nchi nyingine. Wa mwisho, Çetin Mert, alizama tarehe 11 Mei 1975, siku aliyotimiza miaka mitano. Baada ya hapo pande mbili zilitia saini makubaliano ya kuruhusu uokoaji, Oktoba mwaka huohuo.

Nilimweleza shangazi habari hiyo tukiwa tunapita mahali penyewe. Aliyatazama maji kwa muda, akasema, "Mita chache tu hizi." Kweli ni chache. Mtu anayejua kuogelea anafika kabla hujamaliza Baba Yetu.

Ukingo huohuo unaitwa leo May-Ayim-Ufer. Zamani ulibeba jina la Otto Friedrich von der Gröben, mtu aliyetumwa na mtawala wa Brandenburg kwenda pwani ya nchi inayoitwa sasa Ghana, akaanzisha mwaka 1683 ngome ya Gross Friedrichsburg, ambamo Wabrandenburg walifanyia biashara ya watumwa. Mwaka 2010 jina lake liliondolewa, ukapewa jina la May Ayim, mshairi Mjerumani ambaye baba yake alitoka Ghana, aliyefariki mwaka 1996 akiwa bado kijana. Ndiye mmoja wa waliowafundisha Wajerumani weusi kujitambua na kujisemea. Nafurahi kila nipitapo hapo. Kubadilisha jina la ukingo hakumrudishi mtu aliyeuzwa, lakini mtoto wa Kreuzberg anayeandika anwani yake leo anaandika jina la mshairi.

Mbele yake linasimama daraja zuri kuliko yote mjini, Oberbaumbrücke, la matofali mekundu na minara miwili, treni ya manjano ikikatiza ghorofa ya juu. Lilifunguliwa mwaka 1896. Ukilipita, tazama mbele kwenye maji mapana: utaona watu watatu wakubwa wa chuma chenye matundu, wenye urefu wa mita 30, wamesimama ndani ya mto kama wanakumbatiana. Ni kazi ya Mmarekani Jonathan Borofsky, ya mwaka 1999. Boti ndefu haifiki huko. Inakata kulia kuingia mferejini. Lakini macho yako yafike, na yavuke mpaka kwenye miti iliyo nyuma ya sanamu hilo, kwa sababu ile ni Bustani ya Treptow.

Mwaka uleule wa 1896, katika maonyesho makubwa ya viwanda na biashara yaliyofanyika pale, serikali ilitengeneza vijiji vya kuigiza kando ya bwawa na kuwaweka humo watu zaidi ya 100 kutoka makoloni yake: Togo, Kamerun, Afrika Kusini-Magharibi, Guinea Mpya na Afrika Mashariki. Waswahili walikuwamo, Wamasai walikuwamo. Watu wa Berlin walilipa kiingilio wakaja kuwatazama wakipika na kucheza ngoma. Mmoja wa Wakamerun, Kwelle Ndumbe, aliyejulikana pia kwa jina la Bismarck Bell, alinunua darubini ndogo ya tamthiliya akaanza kuwatazama watazamaji. Tangu 2017 makumbusho ya mtaa wa Treptow yana maonyesho ya kudumu yanayosimulia habari za watu hao kwa majina na picha zao. Shangazi alitaka nimrudie mara mbili kisa cha darubini. Akasema angekijua zamani angekifundisha.

Baada ya hapo mfereji unakuchukua, na mwendo unazidi kupungua. Mfereji wa Landwehr ulifunguliwa mwaka 1850 kwa ramani ya Peter Joseph Lenné, fundi wa bustani za wafalme, ili mashua za mizigo zisibanane katikati ya mji. Leo mizigo hakuna. Mierebi imeinamisha matawi mpaka yanagusa maji, vijana wamekaa kwenye nyasi na chupa zao, bata wanapisha boti bila wasiwasi. Tulipita siku ya Ijumaa, kwa hiyo soko la Maybachufer lilikuwa limechangamka: vitambaa, zeituni, mkate wa moto, wachuuzi wakinadi kwa Kituruki na Kijerumani. Shangazi aliona bilinganya na bamia akasimama kidogo kuziangalia vizuri, nikamvuta mkono. Daraja lilikuwa linakuja.

Sehemu ya katikati ya mfereji nitaipitia haraka. Juu ya paa la makumbusho ya teknolojia kumetundikwa ndege ya aina ya zile zilizolisha Berlin Magharibi kwa njia ya anga mwaka 1948 na 1949, Wasovieti walipofunga barabara na reli. Mbele zaidi, karibu na bustani ya Tiergarten, ukutani mwa mfereji kuna jina la Rosa Luxemburg limeandikwa kwa herufi za chuma zinazoelekea kuzama. Aliuawa na wanajeshi tarehe 15 Januari 1919, maiti yake ikatupwa majini humu. Boti nzima hunyamaza hapo, hata waliokuwa wakipiga picha.

Kati ya hizo mbili, mfereji unapita kusini kidogo tu ya Potsdamer Platz. Pale palikuwa na jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, na ndani yake alifanya kazi ya uhudumu mtu wa Dar es Salaam. Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo hawakuwahi kulipwa, na hakuipata. Alibaki, akaoa, akawa mhudumu, akaigiza kwenye filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani. Utawala wa Hitler ulipokolea, mtu mweusi mwenye uhusiano na mwanamke mzungu akawa mhalifu. Alikamatwa mwaka 1941 akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa, akafia humo Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße, kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kimechomekwa kwenye njia ya miguu.

Mimi husimulia habari zake kwa kila Mtanzania ninayepita naye hapo. Tunasoma shuleni habari za askari kwa jumla, idadi na vikosi, lakini huyu ni mtu mmoja aliyebeba trei za vinywaji mita mia kadhaa kutoka hapa unapopita, akiwa na madai halali mfukoni.

Kwenye ukingo wa bustani ya wanyama mfereji unafungwa na malango, kwa sababu maji ya mfereji yako juu kuliko maji ya mto unaourudia. Hapa ndipo safari hii ilipompendeza shangazi kuliko pote. Boti inaingia kwenye kisanduku cha mawe chenye upana unaoitosha kwa shida. Lango la nyuma linafungwa. Mwanzoni huoni kitu, kisha unagundua kwamba mtu uliyekuwa unamtazama uso kwa uso ukingoni sasa unamwona viatu. Ukuta unapanda kando yako ukiwa mbichi, wa kijani, umefunikwa na mwani na konokono wadogo, matone yakiteleza kwenye minyororo. Kijana wa boti anailegeza kamba kidogo kidogo kwa mikono miwili, haitazami hata, macho yako kwa nahodha. Kisha lango la mbele linaachana katikati, maji yanakoroga kidogo, na unatoka ukiwa chini kuliko ulivyoingia. Shangazi aliuliza nani anasukuma maji. Nikamwambia hakuna anayesukuma, yanashuka yenyewe yakifunguliwa njia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi.

Ukishaurudia mto upande wa Charlottenburg, una muda wa kuagiza kahawa na keki ya tofaa. Ni majengo ya ofisi na maghala ya zamani yaliyogeuzwa nyumba. Pumzika hapo, maana kinachofuata ni kizito.

Kwanza inakuja ikulu ya Bellevue, kulia kwako, nyeupe, imejificha nyuma ya miti. Ilijengwa mwaka 1786 kwa ajili ya mwana wa mfalme, na sasa ni makazi rasmi ya rais wa Ujerumani. Kwa nje ni nyumba ya utulivu tu. Lakini mwenye nyumba hiyo, Frank-Walter Steinmeier, ndiye aliyekwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023, akasimama kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa watu wa pale. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na jamaa zake wanaamini kichwa chake kilikatwa kikaletwa Ujerumani. Steinmeier aliwaahidi kwamba kitatafutwa.

Shangazi alisikiliza hotuba ile redioni siku ile. Aliniambia hapo botini kwamba alilia, na kwamba siku ya pili yake alianza kuhesabu. Msamaha umeombwa; kichwa kiko wapi? Sina namna ya kulipamba swali hilo. Ninaliandika kama alivyoliuliza, na ninaona ni swali sahihi la kuuliza mbele ya nyumba ile.

Halafu majengo yanakuja kwa mfululizo. Jumba la tamaduni za dunia, lenye paa lililojikunja, lilifunguliwa mwaka 1957 kama zawadi ya Marekani, paa likaanguka 1980, likajengwa upya. Tangu 2023 linaongozwa na Bonaventure Soh Bejeng Ndikung, mzaliwa wa Kamerun. Linafuata jengo la ofisi ya kansela, lenye duara kubwa katikati, ambalo watu wa Berlin wamelibatiza mashine ya kufulia. Kushoto, stesheni kuu ya kioo, ya mwaka 2006. Nyuma ya stesheni, umbali wa kutembea kwa miguu, kuna Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, na humo amesimama mtu wetu wa Lindi: dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Nitamrudia.

Bunge unaliona kutoka mgongoni, na mgongo wake unafundisha kuliko uso. Kuba la kioo la mwaka 1999 liko juu, watu wakipanda ndani yake kwa mzunguko. Chini, kwenye ukingo, misalaba myeupe ina majina ya waliouawa wakijaribu kuvuka kwenda Magharibi. Mto huu uligawa mji hasa hapo. Leo wabunge wana nyumba mbili za ofisi zinazotazamana, moja kila ukingo, zilizochorwa na msanifu mmoja, Stephan Braunfels, zikaunganishwa kwa daraja jembamba linalopita juu ya boti yako. Wenye nchi wamefanya makusudi: palipokuwa na mpaka wamepitisha njia ya watu wa kazi, waendao kikaoni na makabrasha yao. Kwangu mimi hakuna kumbukumbu ya Ukuta iliyofikiriwa vizuri kuliko hii.

"Sasa walikaa wapi?" shangazi akauliza. Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu asubuhi. Wengi hudhani Mkutano wa Berlin ulifanyika ndani ya jengo hili la Bunge. Siyo. Mwaka 1884 jengo hili ndiyo kwanza lilikuwa limewekewa jiwe la msingi, lilimalizika 1894. Wajumbe wa mataifa 14 walikutana nyumbani kwa kansela Bismarck, Wilhelmstraße, kama kilomita moja kusini ya pale boti ilipokuwa. Nyumba ile haipo tena, kuna bango la maelezo tu. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, kampuni ya Carl Peters ilipewa hati ya ulinzi ya mfalme juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa karatasi alizowasainisha machifu wiki chache tu za mwisho wa 1884. Shangazi aliitamka tarehe hiyo ya 27 pamoja nami, kwa sauti, kiasi kwamba wazee wawili wa Kijerumani waliokaa mbele yetu waligeuka. Mmoja akaniuliza anasema nini. Nikamweleza. Hakuwa anaijua, na aliuliza maswali ya maana mpaka tulipofika Friedrichstraße.

Pale Friedrichstraße ukingoni kuna ukumbi wa kioo unaoitwa Jumba la Machozi, ambako watu wa Magharibi waliagana na ndugu zao wa Mashariki wakati wa kurudi kwao. Na kusini kidogo ya hapo ni chuo kikuu, ambacho kwa msomaji wa Kiswahili ni mahali pa heshima na pa huzuni kwa pamoja. Mwaka 1887 chuoni hapo ilianzishwa shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa somo mojawapo, kwa kuwa maofisa wa koloni walitakiwa wakijue. Walimu wakaletwa kutoka kwetu. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha hapo kati ya 1891 na 1895. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo nguzo ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 na bosi wake Carl Velten. Kila anayetaka kujua harusi, unyago na mazishi ya watu wa mrima yalivyokuwa zamani humrudia yeye.

Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walipanda meli pamoja kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya koloni ikawakatalia kushuka. Ilibidi wageuze na meli. Aliishi Ujerumani mpaka alipofariki mwaka 1927, akizunguka kutoa mihadhara. Mtu aliyewaandikia Wajerumani desturi za nchi yake kwa kalamu safi kama ile alizuiwa kuikanyaga nchi hiyo kwa sababu ya mke aliyemtia mkononi kihalali. Naona ni deni ambalo sisi wenyewe bado hatujalilipa: sijapata kuona Bagamoyo barabara inayomkumbuka.

Kisha kisiwa. Makumbusho ya Bode yanakaribisha boti kwa kuba lake lililochomoza juu ya maji pale mto unapogawanyika, na baada yake majumba mengine ya makumbusho, halafu kanisa kuu la mwaka 1905 lenye kuba la kijani. Ni sehemu nzuri mno, hasa jua likiwa upande wa magharibi. Jirani na kanisa liko Humboldt Forum, lililosimama mahali pa lile kasri la wafalme. Kasri liliharibiwa na mabomu, serikali ya Mashariki ikalibomoa mwaka 1950, ikajenga hapo jumba lake la Bunge, nalo likabomolewa baada ya nchi kuungana. Kuta tatu za jengo la sasa zimenakshiwa kuiga kasri la zamani. Ukuta wa nne, ule unaotazama mto, umeachwa mtupu, zege na madirisha, na ndio anaouona mtu wa boti. Ndani, ghorofa za juu, mna mikusanyo ya makumbusho ya mila za mataifa, pamoja na vitu vilivyotoka Tanzania, vingine vikiwa nyara za vita vya Maji Maji. Nenda ukavione kwa macho yako kabla hujajadili virudi au visirudi. Mimi nilikwenda, nasema virudi.

Baada ya mtaa wa Nikolai, wenye kanisa kongwe kuliko yote mjini, kuna malango mengine ya maji, Mühlendamm, na safari hii boti inapandishwa. Shangazi alimweleza yule mzee wa Kijerumani kwa ishara za mikono jinsi yatakavyopanda, na alieleza sawasawa.

Kesho yake tulikwenda kwa teksi Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Mifupa ile ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa Lindi, chini ya msimamizi mkuu Boheti bin Amrani, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandarini. Shangazi amezaliwa upande huo. Alikaa kwenye benchi lililo mbele ya miguu ya mnyama zaidi ya saa nzima, akiwaeleza watoto wawili wa Kitanzania waliokuwapo na mama yao ni njia gani wabebaji walipita kutoka porini hadi mjini, vijiji kwa majina.

Ukija, boti za njia ndefu hutembea kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, na zile za asubuhi zina nafasi zaidi. Chukua koti hata kama jua linawaka, upepo wa chini ya madaraja ni baridi. Mwenye magoti mabaya apande mapema kabla ya foleni, aombe kiti cha pembeni karibu na ngazi, wahudumu huelewa. Na ukimaliza, kama una siku ya ziada, panda treni hadi mtaa wa Wedding. Barabara iliyobeba kwa miaka mingi jina la Peters, yule wa Mkono wa Damu, ilibadilishwa Agosti 2024, na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Shangazi alitaka apigwe picha chini ya kibao hicho, amesimama, bila fimbo.